Chatu mwenye mafua, na dawa ya mtoto

Kufuga nyoka si jambo la kumshangaza mtu wa Mwanza. Bayeye, chama cha wacheza nyoka cha Wasukuma, wamebeba chatu mabegani tangu enzi za mababu, na kwenye sherehe za Bulabo kule Bujora, Kisesa, watoto husukumana mbele wakawaone. Lakini ngoma ikiisha, chatu lazima alale mahali. Akilala kwenye nyumba ya vyumba viwili huku Igogo, yenye mtoto anayetambaa, suala linanihusu hata mimi niliye daktari wa watu.

Ninaloulizwa ni hili: chatu ana mafua, akipewa dawa anapata nafuu, baada ya wiki kadhaa yanarudi. Nikidadisi ni dawa gani, naambiwa amoksilini ya maji iliyobaki mtoto alipougua.

Nyoka hana ule msuli mpana ulio chini ya mapafu yetu, kwa hiyo hawezi kukohoa vizuri na kutoa makohozi. Yakishajaa, utamwona ameinua kichwa, mdomo wazi, mapovu puani, pumzi ikipiga mluzi. Na mwili wake hautengenezi joto kama wetu, hulipata nje. Usiku wa Juni na Julai hapa kwetu hushuka chini ya nyuzi 20, na sakafu ya saruji ni baridi zaidi. Chatu aliyepoa, kinga yake nayo imepoa. Mpe upande wa sanduku wenye joto la kama nyuzi 30, na upande mwingine wa ubaridi kidogo ajichagulie. Sanduku lipitishe hewa, liwe kavu, na kinyesi kiondolewe siku hiyohiyo. Kagua utitiri chini ya magamba. Gunia lenye unyevu silipendi kabisa. Ugonjwa mwingi unaorudi huanzia humo.

Amoksilini haisaidii hapo, kwa sababu bakteria wanaoshambulia mapafu ya nyoka mara nyingi ni wa aina isiyouawa na dawa hiyo. Nafuu mnayoiona huenda imeletwa na jua la mchana. Kinachobaki nyumbani ni bakteria waliozoea dawa, na chupa isiyomalizwa na mtoto aliyeandikiwa. Daktari wa mifugo huchukua makohozi kwenye koo la hewa, maabara ikayaotesha, ndipo inapochaguliwa sindano, ambayo huendelea kwa wiki kadhaa. Muulizeni ofisa mifugo wa kata awaelekeze kwake.

Zipo pia sababu ambazo antibaiotiki haiziwezi hata kidogo. Mwaka 2014 watafiti walieleza kirusi kinachoharibu mapafu ya chatu, na mpaka leo hakina tiba. Ndiyo maana nyoka mgeni, hata wa kuazima kwa ajili ya ngoma, atengwe miezi mitatu kabla ya kuchanganywa na wengine.

Nyingine ni vimelea wanaofanana na minyoo, wanaoishi ndani ya mapafu ya chatu. Mayai yao hutoka kwa makamasi na kinyesi, na binadamu akiyameza kwa mikono michafu, vimelea hukua ndani ya tumbo au ini lake. Kuna na salmonela, ndugu wa bakteria wa taifodi, ambao nyoka hubeba akionekana mzima kabisa. Kwa mtoto wa chini ya miaka mitano wanaweza kuleta kuhara damu na hata kuingia kwenye damu. Basi mtoto wa umri huo asimshike chatu, sanduku lisioshewe kwenye beseni la vyombo, na mikono ioshwe kwa sabuni kila mara.

Kibali nacho kitafutwe. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 haimruhusu mtu kumiliki mnyamapori bila kibali, na asiye na kibali huogopa kumwita daktari.

Mtoto mwenyewe akikohoa, hesabu pumzi zake kwa dakika nzima akiwa ametulia. Zikifika 50 kwa mwenye miezi 2 hadi 12, au 40 kwa mwenye mwaka mmoja hadi mitano, au kifua kikibonyea ndani chini ya mbavu anapovuta hewa, mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo. Ukifika, mwambie daktari kwamba nyumbani kuna nyoka. Hataweza kukisia.