Kabla ya Kodi, Uliza Maji

Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taita Taveta, wa Taasisi ya Teknolojia ya Pwani au wa tawi la Voi la chuo cha mafunzo ya tiba, KMTC, akikosa kitanda chuoni hulazimika kupanga, na aghalabu hicho ndicho chumba cha kwanza kukilipia maishani mwake. Mjini Voi atakuta singo zenye choo cha pamoja, bedsita, na hosteli za watu binafsi ambazo wanafunzi hulala wawili au wanne na kulipa kwa muhula. Wa kampasi ya Ngerenyi, milimani karibu na Wundanyi, ana uchache wa nyumba na baridi ambayo hakuizoea kama katokea mwambao.

Wengi huanza kwa kuuliza kodi. Voi, swali la kwanza liwe maji. Mji hutegemea sana bomba la Mzima, lililojengwa miaka ya 1950 kupeleka Mombasa maji ya chemchemi za Tsavo Magharibi, na kampuni ya TAVEVO ndiyo inayoyasambaza. Huduma hiyo ikikatika, mifereji hukauka kwa siku kadhaa, na visima vingi vya eneo hili vina maji ya chumvi. Singo ya bei nafuu kwenye ploti isiyo na tangi huwa ghali kuliko bedsita ya jirani, kwa sababu mpangaji hununua kila mtungi wa lita 20 kwa wachuuzi wa mikokoteni. Keateka, yaani msimamizi wa ploti, atasema maji yapo daima. Aulizwe mpangaji anayefua uani, naye ataje siku ambazo mfereji hutoka na kama tangi hufungwa kwa kufuli. Papo hapo mita ya stima iangaliwe: ya pamoja huzaa ugomvi kila mwisho wa mwezi, ilhali ya tokeni ya chumba chenyewe humwachia kila mtu matumizi yake.

Hatua ya pili ni kumjua mwenye nyumba. Kudai hati ya ardhi hakusaidii kila mahali. Katika mtaa wa Tanzania-Bondeni, mpango wa miaka ya 1990 uliiweka ardhi mikononi mwa jamii kwa pamoja, na mkazi akamiliki nyumba tu. Ushahidi bora hupatikana kwa majirani na wapangaji wa zamani. Pesa zisitumwe kwa dalali wa simu kabla chumba hakijafunguliwa na kukaguliwa, na jina linalotokea kwenye M-Pesa lilingane na la mwenye ploti au keateka anayefahamika.

Sheria ina kikomo cha kusikitisha. Ile ya kudhibiti kodi, Sura ya 296, humlinda mpangaji wa nyumba ya kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi, kiwango kisichobadilika tangu mwaka 1981: hawezi kupandishiwa kodi wala kufukuzwa ovyo bila baraza la kodi kuhusishwa. Anayelipa zaidi ya hapo hutegemea mkataba wake. Kwa hiyo makubaliano yaandikwe, hata kwenye karatasi ya daftari: kodi, dipoziti na masharti ya kurudishwa kwake, muda wa notisi, na kama likizo ndefu italipiwa. Kasoro za ukuta na kitasa zipigwe picha siku ya kuingia. Mwenye nyumba anayedai malimbikizo ana njia ya kisheria ya kushika mali kupitia dalali wa mnada aliyeidhinishwa. Kumfungia mwanafunzi nje na vitabu vyake ndani si njia hiyo. Kodi hudaiwa kila mwezi ilhali mkopo wa masomo wa HELB huingia kwa muhula na huweza kuchelewa, basi tarehe ya malipo ijadiliwe mapema.

Umbali nao upimwe kwa saa za usiku. Pembezoni mwa Voi ndovu hutoka mbugani, hasa wakati wa ukame, na njia salama mchana haifai kwa anayetoka maktaba saa tatu.

Mzigo huu wote hauwezi kuachiwa kijana wa miaka 18. Chuo kinachosajili wanafunzi wengi kuliko vitanda vyake kina wajibu wa kuwatafutia makao. Ofisi za wakuu wa wanafunzi ziweke daftari la ploti zilizokaguliwa, lenye hali ya maji, kodi na jina la mwenyewe, na zilibandike langoni kabla ya wiki ya usajili.