Elder Scrolls VI: Sekunde 36 Zimelisha Uvumi Tangu 2018, Wacha Sasa Tupime Ushahidi

Mlima, ukungu, ufuo wa bahari, halafu jina linatokea. Basi, imeisha hivyo. Hiyo ndiyo treila nzima ya The Elder Scrolls VI, sekunde 36 tu, ambayo Bethesda walitupa Juni 2018 kwenye maonyesho ya E3 kule Los Angeles. Miaka ikaenda, treila ya pili ikakataa kukuja. Lakini mashabiki nao wamekataa kunyamaza.

Na huwezi kuwalaumu. Skyrim, gemu iliyotangulia, ilitoka tarehe 11 Novemba 2011. Msee aliyekuwa darasa la nane wakati huo saa hii analipa rent na pengine ana mtoto. Kufikia Juni 2023, bosi wa studio hiyo, Todd Howard, alisema Skyrim imeuza zaidi ya nakala milioni 60. Imetolewa kwa PlayStation 3, ikarudi kwa PlayStation 4, ikaingia Nintendo Switch, ikarudi tena 2021 kusherehekea miaka kumi. Watu wamenunua gemu moja mara tatu wakingoja ile ingine.

Kwa hivyo swali sio kama watu wana njaa. Wanayo, na mingi. Swali ni hili: kwa hizi story zote zinazozunguka, gani unaweza kuwekea doh yako? Juu wako wasee wanaopanga kununua konsoli ya laki karibu nzima kwa sababu ya uvumi. Wacha tuzipange, kutoka ile nyepesi hadi ile nzito.

Mawe, mishumaa na mkwaruzo

Uvumi mkubwa unasema gemu itakuwa Hammerfell, nchi ya jangwa na bahari iliyo magharibi ya Skyrim. Ulianzia kwa ile treila yenyewe. Watu waliisimamisha sekunde kwa sekunde, wakapima milima, wakalinganisha ufuo na ramani za zamani, wakasema hii ni Iliac Bay, ghuba iliyo kati ya Hammerfell na High Rock.

Halafu Desemba 31, 2020, akaunti rasmi ya Elder Scrolls ikaposti picha ya ramani ya Skyrim ikiwa na mishumaa juu yake. Mshumaa mmoja ulikuwa umesimama upande wa Hammerfell. Manze, watu hawakulala huo mwaka mpya!

Hata treila ya Starfield ya 2021, gemu ya anga za juu kabisa, haikupona. Mtu aliona mkwaruzo ndani ya chombo, akauzungusha, akaulinganisha na ramani, akasema hiyo ni Hammerfell na High Rock.

Hizi ni tamu kubonga lakini hazibebi uzito. Ukiangalia ukuta wenye ufa kwa muda mrefu ukitafuta uso wa mtu, uso utauona. Na kumbuka treila ya 2018 ilitoka kabla Starfield haijamalizwa, wakati gemu yenyewe ilikuwa mbali sana na kutengenezwa. Milima ya video kama hiyo haijakuwa ahadi ya ramani.

Funzo la Redfall

Kama unafikiria nawakazia mashabiki bure, kumbuka Redfall.

Mwaka huo huo wa 2018, kampuni mama ya Bethesda, ZeniMax, iliomba kusajili jina Redfall kama alama ya biashara. Mashabiki wakapiga hesabu chap chap: Redguard ni watu wa Hammerfell, unganisha Red na fall, umepata jina. Elder Scrolls VI: Redfall! Ilikaa poa. Herufi ziliingiana, wakati uliingiana, na kulikuwa na karatasi ya serikali. Kwa karibu miaka mitatu, wasee wengi waliichukua kama kitu kilichoisha.

Juni 2021 ukweli ukatoka. Redfall ilikuwa gemu ingine tofauti kabisa, ya kupiga wanyonya damu risasi kwenye kisiwa cha Marekani, na ilikuwa inatengenezwa na studio ingine, Arkane Austin. Ilitoka Mei 2023 ikaanguka vibaya, na mwaka mmoja baadaye Microsoft wakafunga studio hiyo. Jina lilikuwa la kweli, karatasi ilikuwa ya kweli, maana ndiyo ilikuwa ya kubuni. Uvumi mwingi uko hivyo: kipande cha ukweli, halafu gundi ya matumaini.

Hadithi yenyewe inasema nini

Lakini usitupe Hammerfell bado. Kuna ushahidi mmoja mzuri, na haujatoka kwa mkwaruzo. Umetoka ndani ya gemu zenyewe.

Kila aliyecheza Skyrim anawajua Thalmor, wale elfu wenye kiburi wanaoshika watu barabarani kwa sababu ya kuabudu Talos. Kabla Skyrim ianze, Thalmor walipigana na Milki, na Milki ikachoka ikasaini mkataba wa aibu. Sehemu moja ya mkataba huo ilikuwa kuwapa Thalmor kipande kikubwa cha kusini mwa Hammerfell. Redguard wakakataa katakata. Mfalme wa Milki akawaacha, akasema nyinyi sio wetu tena. Wakapigana peke yao miaka kadhaa, hadi Thalmor wakasaini kuondoka.

Cheki vile hiyo story imeachwa wazi. Thalmor bado wapo, vita ya pili inanukia, na nchi moja pekee tayari imewahi kusimama mbele yao bila msaada wa Milki. Ukiwa mwandishi unayetafuta pa kuendelea, hapo pamejiandaa penyewe. Pia tangu Daggerfall ya 1996, gemu kuu ya mfululizo huu haijarudi Hammerfell. Morrowind ilipata yake 2002, Cyrodiil ikapata Oblivion 2006, Nord wakapata Skyrim.

Upande mwingine nao una hoja. High Rock pia imengoja tangu 1996. Elsweyr na Black Marsh hazijapata gemu kuu ya kisasa. Kwa hivyo Hammerfell inaongoza mbio, lakini haijavuka laini.

Na hapa ndipo sisi tunafaa kuangalia kwa makini kuliko wengine. Redguard ni watu weusi. Walikuja kwa meli kutoka Yokuda, bara lililozama, wakajenga miji yao, na upanga ni kama dini kwao. Ndani ya Skyrim unaweza kuchagua kuwa Redguard, lakini kwa hadithi wao ni wageni: wanaume wa Alik'r wanasumbuliwa na walinzi langoni mwa Whiterun wakitafuta mwanamke mmoja, na gemu haikuambii wazi nani anadanganya. Kama Elder Scrolls VI kweli iko Hammerfell, mjadala wa maana sio rangi ya mchanga. Ni kama watu hawa watakuwa na wafalme, mizozo, ucheshi na historia yao katikati ya gemu, ama watakuwa pambo la jangwa ambalo mgeni anapita akiokoa. Swali hilo halijibiwi na milima ya treila, na ni mashabiki wachache sana wanaliuliza.

Karatasi za korti

Ushahidi mzito kabisa hakuna shabiki aliyeutafuta. Ulianguka tu. Microsoft walinunua ZeniMax kwa dola bilioni 7.5, dili ikafungwa Machi 2021. Walipotaka kununua Activision Blizzard pia, serikali ya Marekani ikawapeleka kortini 2023, na nyaraka za ndani zikavuja.

Mojawapo ilikuwa ratiba ya ZeniMax ya 2020. Ndani yake kulikuwa na Oblivion iliyong'arishwa upya, iliyopangiwa mwaka wa fedha wa 2022. Wengine walicheka. Aprili 22, 2025, Oblivion Remastered ikatangazwa na kutoka siku hiyo hiyo. Ratiba hiyo hiyo ilikuwa imepangia Elder Scrolls VI mwaka wa fedha wa 2024. Huo mwaka ulipita kimya.

Chukua funzo hapo: karatasi ya ndani ikitaja jina la gemu, amini jina. Ikitaja tarehe, toa chumvi. Kwenye kesi hiyo hiyo Phil Spencer, aliyekuwa bosi wa Xbox, alisema gemu iko mbali miaka mitano au zaidi. Hesabu kutoka Juni 2023 na uone unafika wapi. Anayekuambia ati inatoka Krismasi hii anataka ubonyeze video yake.

Utaicheza na nini?

Hili ndilo swali la mfuko, na hapa kwetu lina uzito juu watu wengi wanadunda na PlayStation. Nyaraka za 2023 zilionyesha Elder Scrolls VI ni ya Xbox na kompyuta, bila PS5. Wasee wakaanza kuuza PlayStation zao kwa hasira.

Lakini cheki vile Microsoft wenyewe wamefanya baada ya hapo. Indiana Jones and the Great Circle, ambayo ni ya Bethesda, iliingia PS5 Aprili 2025. Oblivion Remastered ilitoka PS5 siku moja na Xbox. Doom: The Dark Ages nayo ilifika kote pamoja Mei 2025. Hata Forza Horizon 5, mtoto wa nyumbani wa Xbox, ilihamia kwa jirani. Kampuni inayouza gemu zake kwa mpinzani ina sababu moja, chapaa, na Skyrim ya nakala milioni 60 haikufika hapo kwa kufungiwa kwa konsoli moja.

Hiyo sio ahadi. Bado hakuna aliyetangaza itatoka kwa nini. Lakini ukipima karatasi ya 2023 na matendo ya 2025, matendo yana uzito zaidi. Na kwa vile gemu hii inachukua muda, inaweza kukuta hata hizi konsoli za sasa zimezeeka.

Hukumu

Hammerfell: inawezekana sana, kwa sababu ya hadithi, sio kwa sababu ya mshumaa. Tarehe: usiamini yeyote. PlayStation: dalili ni nzuri kuliko zilivyokuwa 2023. Ubora: hapo hakuna anayejua, na Starfield iliyogawanya watu ilituonyesha kungoja miaka mingi hakulipwi kila wakati.

Februari 2025 kulikuwa na mnada wa hisani wa Make-A-Wish, zawadi ikiwa kutengeneza mhusika mmoja ndani ya Elder Scrolls VI. Mashabiki walichanga pesa wakitaka kumkumbuka mwenzao aliyefariki. Bei ilipita dola 80,000, ikawashinda. Watu wako tayari kutoa hivyo kwa gemu ambayo hawajaiona hata dakika moja.

Mapenzi kama hayo ni kitu kizuri, lakini kampuni inayapata bure. Kila nadharia tunayosambaza ni tangazo ambalo Bethesda hawajalipia. Kwa hivyo bonga, cheka, chora ramani upendavyo. Doh tu ndio usitoe: usinunue konsoli leo kwa gemu ya siku isiyojulikana. Wakionyesha mtu akitembea ndani ya hiyo nchi, akipigana, akiongea na wenyeji, hapo ndipo tutajua tunanunua nini.

Na wewe je, ungetaka wakupeleke nchi gani, na ungetaka kuingia kama mgeni ama mwenyeji?