Madai Yasiyo na Mashiko kuhusu Mafuriko ya Bomet

Tunaambiwa Bomet ni milimani, mafuriko tuwaachie watu wa Budalang'i na Kano. Ni kweli huku maji hayatuami kwa majuma. Lakini Mto Nyangores hutoka msitu wa Mau, hupita Tenwek na mjini Bomet, na kwenye mteremko mto hujaa kwa saa chache. Maji ya magotini yakiwa na kasi humwangusha mtu mzima. Ramani ya hatari inayoonyesha kina bila kasi haitufai.

Eti mafuriko ya miaka mia yakishapita, zamu inayofuata ni ya wajukuu. Hesabu haisemi hivyo: uwezekano ni asilimia 1 kila mwaka, mwakani pia. Ukikaa kando ya mto miaka 30, una uwezekano wa takriban asilimia 26 wa kuyaona.

Tupande miti Mau, basi, mafuriko yaishe? Tupande, ila udongo ukishalowa kabisa hata msituni maji hutiririka.

Dai linaloniudhi zaidi ni kwamba hasara ni nyumba zilizobomoka tu. Kwanza, hata hizo huhesabiwa vibaya. Wakadiriaji hutumia majedwali yanayolinganisha kina cha maji na sehemu ya thamani inayopotea, na mengi yalitungwa kwa nyumba za ng'ambo. Nyumba ya udongo ikilowa usiku kucha haipotezi robo, yaweza kulala yote. Kisha kuna chai. Mchai ulio mteremkoni hauguswi, lakini daraja likisombwa, lori la kiwanda, kiwe Kapkoros au Tirgaga, halifiki kituo cha kununulia. Majani yaliyochumwa asubuhi yanapata joto, yanageuka mekundu, na karani anayakataa. Shambani halijaingia tone la mto, mkulima amepoteza pato la siku nzima, na kwenye ripoti hasara yake ni sufuri.

Wa mwisho ni wanaosema setilaiti inatosha kuchora ramani ya mafuriko. Data za bure za mwinuko wa ardhi hupima kila mita 30 hivi. Mto mwembamba na kingo zake humezwa humo. Programu ya kukokotoa mtiririko wa mto kama HEC-RAS itakuchorea ramani maridadi hata ukiilisha takwimu mbovu. Kinachoisahihisha ni vipimo vya mtoni na alama za maji zilizoachwa majumbani. Kwa hiyo, wewe unayeishi kando ya Nyangores, maji yakishuka piga msumari ukutani yalipofikia, andika tarehe na saa, kisha mpelekee chifu.