Upweke si upungufu wa imani

Jumapili jioni ni saa ngumu kwa mtu anayeishi peke yake. Asubuhi alikuwa kanisani, akaimba na kusalimiana na watu mlangoni. Sasa amerudi katika chumba chake cha kupanga, amefunga mlango, na hadi Jumatatu hakuna atakayemwita kwa jina. Mjane ambaye watoto wake wote wameoa na kuolewa anaijua saa hiyo. Kijana aliyekuja Nairobi kutafuta kazi anaijua. Hata mke ambaye mumewe hurudi nyumbani Krismasi hadi Krismasi anaijua vyema.

Mtu wa aina hiyo akithubutu kumweleza muumini mwenzake yaliyo moyoni, mara nyingi hujibiwa hivi: "Omba tu, ndugu. Yesu yuko nawe." Maneno hayo ni ya kweli. Hata hivyo, yakisemwa harakaharaka na msemaji akaenda zake, humwachia mwenzake vidonda viwili: upweke aliokuwa nao, na aibu ya kudhani kwamba imani yake ni haba.

Hebu basi, mpenzi msomaji, tufungue Waraka wa Pili kwa Timotheo, sura ya nne. Paulo yumo kifungoni na anajua kwamba mwisho wake umekaribia. Anawahesabu wenzake mmoja mmoja. Dema amemwacha na kwenda Thesalonike. Kreske yuko Galatia, Tito yuko Dalmatia. Tikiko ametumwa Efeso. Trofimo aliachwa Mileto akiwa mgonjwa. Siku ya kwanza ya kujitetea hakuna hata mmoja aliyesimama upande wake. Amebaki na Luka peke yake. Wahenga walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki.

Paulo anaeleza kwamba Bwana alisimama naye na kumtia nguvu. Tungedhani barua ingeishia hapo. La! Katika sura iyo hiyo anamsihi Timotheo afanye bidii kuja upesi, tena afike kabla ya majira ya baridi. Amletee joho aliloliacha Troa kwa Karpo, pamoja na vitabu vyake. Mtume aliyekuwa na Bwana kando yake bado alihitaji nguo ya kujikinga baridi, kitu cha kusoma na mtu wa kuzungumza naye. Wala hakuona haya kuomba.

Aliomba pia aletewe Marko. Wasomaji wa Matendo ya Mitume watakumbuka kwamba ni kwa sababu ya Marko huyo huyo Paulo na Barnaba walikosana hadi wakatengana. Pengine nawe kuna ndugu au rafiki mliyeachana kwa maneno makali. Huenda huyo ndiye wa kupigiwa simu leo.

Nabii Elia naye alikaa chini ya mti wa mretemu jangwani akaomba afe. Malaika hakuanza kwa kumhubiria. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, kisha akamwamsha ale tena. Baadaye ndipo Elia alipoambiwa kwamba kulikuwa na watu 7,000 katika Israeli ambao hawakumpigia Baali magoti, na akapewa Elisha wa kufuatana naye.

Kwa hivyo, omba, tena omba bila kujifanya. Zaburi ya 88 inamalizikia gizani, na bado imo katika Biblia. Ukiisha kuomba, kula chakula cha moto, ulale, kisha utafute watu. Kanisa kubwa lenye waumini mia tano laweza kumficha mtu. Ndiyo maana tangu miaka ya 1970 maaskofu Wakatoliki wa ukanda huu wametilia mkazo jumuiya ndogondogo, ambazo hukutana manyumbani. Makanisa mengine nayo yana ushirika wa aina hiyo. Watu wakiwa kumi na wawili sebuleni, kiti kimoja kikikaa wazi kitaonekana. Na ikiwa mawazo ya Elia ya kutaka kufa yamekujia, usingoje siku ya ushirika. Mwambie mtu leo, na umwone daktari pia.

Nanyi mlio na nyumba zilizojaa watu, mkumbukeni Onesiforo. Alipofika Roma, alimtafuta Paulo kwa bidii hadi akampata, wala hakuionea haya minyororo yake. Hatusomi kwamba alitoa hotuba yoyote. Alimtafuta, akamburudisha. Leo baada ya ibada, kabla hamjakimbilia matatu, mtazameni yule anayeondoka peke yake kila Jumapili. Muulizeni anakoishi, kisha mwende.