Mama unayeogopa kuimba, anza na wimbo mfupi
Kwenye kicheni pati mjini Same, kipaza sauti kikianza kupita meza kwa meza, wapo akina mama ambao ghafla hukumbuka kuwa wana shughuli jikoni. Wengi walichekwa wakiwa wasichana, wakaambiwa hawana sauti, wakaamini. Hata nyumbani hawaimbi, na mtoto anakosa wimbo kwa sauti aliyoizoea tangu tumboni.

Mara nyingi tatizo si sauti, ni wimbo uliochaguliwa. Wimbo rahisi una maneno machache, unarudiarudia na haupandi sana. "Ukuti Ukuti" unatosha kwa kuanzia, tena mtoto akiwa mapajani. Ukiuzoea, nenda kwenye "Jambo Bwana" wa Them Mushrooms wa mwaka 1982. Maneno yake ni salamu za kila siku, na wenzako watakuitikia. "Malaika" ni wa taratibu, lakini una mahali pa kupanda, kwa hiyo uanze chini, karibu na sauti unayoongelea.

Kama ni karaoke, mwombe mpiga muziki ashushe ala zifuate sauti yako. Si aibu, mashine nyingi zina kitufe cha kazi hiyo.

Anayeshuka Same kutoka kwenye baridi ya Chome au Mamba akumbuke kuwa joto na vumbi la tambarare hukausha koo. Anywe maji, asilazimishe sauti. Na sauti ikikwaruza zaidi ya wiki 3, bila kujali kama umeimba au la, nenda kituo cha afya ukapimwe.