Kobe Hapigi Kelele: Mwandalieni Makazi Kabla ya Kumleta Ndani



Mtoto akiomba kobe, wazazi wengi hukubali upesi. Husema, huyu hana taabu, halii wala harukiruki. Hapo ndipo kosa linapoanzia. Paka akiwa na njaa atakufuata mpaka jikoni. Kobe hunyamaza, na anaweza kudhoofika kwa miezi bila ya mtu kutambua.

Sote tunaijua Hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka aliyemfungia, asimlishe wala asimwache ajitafutie. Ukimfungia mnyama, umebeba dhamana ya kila alichokuwa akijipatia mwenyewe. Je, kobe wa mbugani alikuwa akijipatia nini? Jua, joto, udongo, maji na nyasi. Basi boksi tupu chini ya kitanda halitoshi.

Kobe mchanga mwenye madoa, yule wa savana zetu, anahitaji sanduku pana la mbao lililo wazi juu, walau sentimita 120 kwa 60. Tangi la kioo halifai, kwani hupigana na ukuta asiouona. Upande mmoja uwe na taa ya joto, nyuzi 32 hadi 35, na upande wa pili uwe wa baridi kidogo wenye pa kujificha, ili achague mwenyewe. Miji ya milimani kama Nairobi na Kigali ina usiku wa baridi, kwa hiyo kipimajoto ni lazima.

Wengine husema, "Tunamweka dirishani apate jua." Ndugu zangu, kioo huzuia miale ya UVB, na bila ya miale hiyo mwili wake hautengenezi vitamini D3 wala haupati kalisi ipasavyo. Matokeo yake ni gamba laini na miguu dhaifu. Anahitaji taa maalumu ya UVB, au jua la nje huku akiangaliwa na akiwa na kivuli. Mpeni udongo wenye unyevu kidogo, sinia la maji yasiyo na kina, nyasi na majani. Asipewe mkate, wali wala nyama.

Tena, kobe huyu huishi zaidi ya miaka 50 na huweza kupita kilo 10. Mtoto wa leo atakuwa mzee, kobe bado yupo! Na msimwokote porini: kobe wa nchi kavu wamo katika mkataba wa CITES, na sheria za nchi hutaka kibali.

Rai yangu ni hii: makazi yatangulie, kobe afuate. Familia isiyoweza kununua taa na sanduku isione haya kusema hapana. Kumwacha alipo nako ni kumhurumia.

Wabillahi tawfiq.