Mchawi Hana Kosa

Wazazi wetu, wakubwa zetu, tumesikia sinema ya Narnia, ile ya kwanza ya 2005, imepigwa marufuku kwa watoto wa hapa kambini. Eti ina mchawi na wanyama wanaoongea. Sisi vijana tuliowasha projekta siku ile tunasema mmekamata asiyehusika.

Mchawi yumo, kweli, anageuza wenzake mawe. Watoto walimwogopa kidogo, baadaye wakaanza kumwiga. Na wanyama wanaoongea? Si ndio hadithi za bibi zetu hizo, sungura na fisi!

Walionyamaza, walinyamaza kabla mchawi hajatokea. Sinema inaanza usiku, ndege za Wajerumani zinapiga mabomu London, mama anawakimbiza watoto wake wanne kwenye handaki, mmoja anarudi ndani kuchukua picha ya baba. Halafu stesheni. Mama anawabandika vikaratasi kwenye makoti, anawapandisha treni, yeye anabaki. Hapo msichana wa miaka kama sita akatoka nje. Tulimkuta nyuma ya tangi la maji, hataki kusema kitu. Alikotoka mnakujua.

Kwenye kikao nani aliuliza habari zake? Kikao kizima mchawi, mchawi. Na Jumamosi hiyohiyo banda la video lilikuwa linaonyesha makomando, risasi mwanzo mwisho, watoto wa miaka mitano wamekaa mbele kabisa. Hiyo ruksa, maana haina mchawi.

Marekani na Uingereza waliipa alama ya PG, yaani mzazi awe karibu. Siku ile mzazi hakuwepo hata mmoja. Na sisi tujilaumu pia: tuliwasha, tukatoka kuchaji simu.

Hatutaki ifutwe. Kuna pale Lucy, yule mdogo, anaeleza alichokiona ndani ya kabati na ndugu zake hawamwamini. Watoto wetu walisimama wakapiga kelele, "Mwaminini!" Sinema gani nyingine ya bandani imewahi kuwasimamisha hivyo?

Basi irudi, kwa wa miaka kumi kwenda juu. Kabla ya kuwasha tuwaambie: mwanzoni kuna mabomu, na yule mama haonekani tena mpaka mwisho. Asiyetaka atoke, asichekwe. Jumamosi saa nane tunaomba kina mama wawili wakae na watoto. Viti tutabeba sisi.